Vinne Huku, Kimoja Huku

Usingizi unamchukua Bi Mwajabu mchana kweupe, akiwa ameegemea ukuta wa chumba cha ndani nyumbani kwa Alhaji Sefu, mikono yake ingali inanuka kafuri. Hakukusudia kulala. Mwosha maiti halali msibani kabla maiti hajatoka, hilo analijua vizuri, lakini nyumba hii imemkirimu mno. Wamemtandikia mkeka mpya, wamemletea mto na chai ya tangawizi, na Bi Saumu, mke wa Alhaji, amemfunika kanga miguuni kwa mikono yake mwenyewe na kumwambia, pumzika dada, umefanya kazi kubwa, mama wa marehemu yuko njiani, akifika tu tunazika. Marehemu ni Zawena, mke wa Yasini, kijana wa mwisho wa nyumba hii. Ameteleza bafuni. Ndivyo unavyosema mtaa mzima, tena kwa maneno yaleyale, hakuna anayeongeza wala kupunguza, jambo ambalo lingemshangaza mgeni yeyote ila wenyewe hawashangai. Asubuhi Bi Mwajabu alimwosha, Bi Saumu akiwa ameshika kata ya maji. Alipomwinua kichwa ili apitishe maji ya mkunazi nyuma ya shingo, aliona. Alama za vidole, vinne upande huu, kimoja upande wa pili, zimeiva zambarau. Bi Saumu aliona kwamba ameona. Hakutetemeka hata kidogo, akasema kwa sauti ileile aliyoombea ndoo nyingine: Bi Mwajabu, Alhaji amesema mwaka huu unakwenda Maka, jina lako limeshaandikwa. Na Bi Mwajabu, ambaye maisha yake yote ameswali akielekea huko bila hata kuthubutu kutamani, akajibu: Alhamdulillahi. Lilimtoka tu. Mkono wake ukaendelea kumwaga maji, na yale maji yakaendelea kushuka ufuoni, kwenye kile kijishimo kirefu kinachochimbwa uani chini ya kitanda cha kuoshea, na kabla ndoo hazijakauka vijana wa Alhaji walikuwa wameshaufukia ufuo na kuushindilia kwa miguu.

Sasa ipo desturi, na kisa chote kimelala hapo. Mwosha akimaliza kazi, jamaa wa marehemu humwuliza, umemwonaje? Naye hujibu, uso wake ulikuwa na nuru. Hakuna aliyewahi kujibu vingine, hata kwa mtu aliyekuwa kero ya mtaa mzima. Ni sitara. Maiti hafunuliwi aibu yake, na anayeificha hufichiwa yake siku ya siku. Bi Mwajabu ameishika amana hiyo miaka ishirini na mitatu na mtaa umempenda kwa hilo. Wamempa nafasi ya mbele kwenye maulidi, wanamwekea paja la mbuzi kila khitma, wamemwita Mama Sitara mpaka watoto wanadhani ndilo jina lake, na Maalim akitoa darsa kwa wanawake yeye ndiye mfano. Wala hakuna aliyewahi kumwomba adanganye, hilo halikuhitajika. Walimsifu tu, mwaka baada ya mwaka, mpaka akawa hawezi kuishi bila sifa hiyo, na mwenyewe masikini akadhani huo ndio ucha Mungu. Basi leo kuna mama anayekuja na basi kutoka mbali, Bi Somoe, na akifika atauliza kama wanavyouliza wote, na jibu atakalopewa ndilo litakalofukiwa pamoja na mwanawe. Bi Mwajabu analijua hilo. Analijua, na macho yanamzidi uzito, na kafuri inampanda kichwani, na hapo anasikia maji.

Maji yanatembea. Yako karibu, chini ya mkeka, yanakwenda polepole kama yalivyokwenda asubuhi. Bi Mwajabu anajiambia, si ule ufuo umefukiwa? Anainuka aangalie, na anaposhusha mguu, mguu haupati sakafu, unaingia kwenye kijishimo, baridi inampanda mpaka gotini, anavuta mguu wa pili, anavuka, na ng'ambo hakuna chumba wala ua. Kuna barabara. Barabara yenyewe ndiyo yale maji. Imenyooka, imepauka kwa kafuri, majani ya mkunazi yamelala juu yake, naye anatembea juu yake bila kulowa. Anageuka kutazama alikotoka, na barabara inakwenda na huko pia, ndefu vilevile, nyeupe vilevile, hata hajui tena kama alikuwa anakwenda au anarudi. Hakuna jua wala kivuli. Anaogopa, lakini bado ni woga wa kawaida, woga wa mtu aliyepotea njia, na anajiambia atamwona mtu atamwuliza. Na kweli anamwona. Mbele yake yuko mwanamke aliyevaa nguo nyeupe, ameshika kata ya maji, amempa mgongo. Bi Mwajabu anamwita, mwanangu, hebu simama. Mwanamke anasimama, anageuka, na pale palipotakiwa kuwa na uso pamesafishwa. Ngozi imetandazwa kutoka kwenye paji mpaka kidevuni, laini, haina pua wala macho wala mdomo, inang'aa kidogo. Hapo woga wa kawaida unakwisha na unakuja ule mwingine. Bi Mwajabu anataka kusoma kitu, ulimi hauinuki. Anauliza tu, kwa sababu ya kuzoea kuongea na watu: njia hii inakwenda wapi? Sauti inamjibu, ijapokuwa mdomo hakuna: inakwenda kwa aliyeimwaga. Nani aliyeimwaga? Huyo anayeuliza. Na wewe ni nani, mwanangu? Mimi ni yule uliyemsifu, mama. Bi Mwajabu anasema, nimewasifu wengi. Yule mwanamke anasema, nasi tu wengi, na anaanza kutembea, na kata yake inavuja tone baada ya tone. Bi Mwajabu anamfuata, maana kusimama peke yake kwenye barabara ile kunamtisha kuliko kumfuata asiye na uso.

Wanatembea. Wanatembea sana, au hawajatembea kabisa, na mbele yao unatokea mji, na Bi Mwajabu anashusha pumzi kwa sababu ni mtaa wao. Ule pale msikiti wenye mnara mfupi, ule pale mnazi uliokatika kichwa, lile duka la kona lenye mlango wa bluu. Kisha anaona kwamba msikiti uko kushoto na uko kulia pia, na duka liko kulia na liko kushoto pia, kila kitu kimewekwa mara mbili, kinatazamana, na katikati ndiyo barabara. Ananyanyua mkono kujitanda kanga vizuri, na upande wa pili, kwenye kibaraza cha ng'ambo, mwanamke wa umri wake ananyanyua mkono mwingine na kujitanda kanga. Ni yeye. Anatazama mlango unaofuata, ni yeye tena. Kila nyumba ina msiba, kila msiba una mikeka, na kwenye kila mkeka Bi Mwajabu mmoja anakaribishwa na wanawake wanaomshika mabega. Kabla hajarudi nyuma, naye ameshikwa. Karibu Mama Sitara, wanasema, karibu, tulikuwa tunakungoja wewe tu. Sauti zao anazijua. Huyu ni jirani wa Zawena, yule ambaye usiku wa juzi alifungulia kaswida redioni kwa sauti ya juu mpaka ikafunika makelele ya nyumba ya pili. Huyu ni mama mwenye genge, aliyemwona Zawena wiki iliyopita amejifunga mtandio mpaka masikioni siku ya joto, akamwambia umependeza. Wema wote hawa. Hawakosi sala. Wanamkalisha kitini, na kila wanapomsifu kiti kinakuwa kirefu zaidi, Mama Sitara, kiti kinapanda, mtunza amana, kiti kinapanda, mpaka miguu yake inaning'inia na anaogopa kutazama chini. Nguo yako ya safari tumeshakuletea, wanasema, mwaka huu unakwenda. Wanamvika shuka jeupe jipya, linanukia udi, linampendeza, na machozi yanamlenga kwa sababu ndiyo nguo aliyoiota. Wanamfunga fundo chini ya nyayo. Wanamfunga fundo magotini. Bi Mwajabu anasema, taratibu jamani, nguo ya kwendea Maka haifungwi hivi. Wanamfunga fundo kiunoni, mikono ikiwa ndani, na vidole vyake vinalitambua fundo lile, kwa kuwa ni lake, ndivyo yeye anavyolifunga, hakuna mwingine katika mji ule anayelifunga kwa kuzungusha mara mbili. Hii ni sanda, anasema. Amin, wanaitikia wote.

Umemwonaje? anauliza mmoja, na Bi Mwajabu kabla hajafikiri ameshajibu, uso wake ulikuwa na nuru. Na kule nyuma ya umati, mwanamke mmoja kijana aliyekuwa ametulia na uso wake anajishika mashavu, na akiondoa mikono pamekuwa laini. Umemwonaje? anauliza mwingine. Uso wake ulikuwa na nuru. Anafutika wa pili. Sasa Bi Mwajabu anaelewa. Wale wasio na sura si majini wala mashetani, ni watu wake, ni maiti wake, ni kila aliyemwosha akamwona na kitu akakifunika kwa ile nuru: yule aliyevunjika mkono ikasemwa homa, yule binti wa miaka kumi na minne ikasemwa kifafa cha uzazi na hakuna aliyeuliza nani alimwoza. Wanakuja wanajipanga chini ya kiti, hawasemi, wanamtazama bila macho. Anafumba mdomo. Anafungua tena, safari hii kwa kukusudia. Nimeona, anaanza. Amin. Nasema nimeona shingoni. Amin, amin. Msinikatize, nimeona vidole. Allahumma amin, wanaitikia kwa unyenyekevu, viganja wameviinua, na mmoja anamsogezea chetezo puani, moshi wa udi unamwingia kooni, anakohoa, na wao wanasema masikini, uchungu umemzidi, mwombeeni. Wanamwombea. Hakuna hata mmoja aliyekasirika, hakuna aliyepaza sauti, na hilo ndilo linalomtia hofu hasa, kwamba angetukanwa angejua pa kushika.

Anajitupa. Kiti ni kirefu, anaanguka muda mrefu, mafundo ya nyayoni na magotini yanakatika, anaangukia barabarani na kukimbia, akijikwaa kwenye shuka, na mji unakimbia pande zote mbili pamoja naye, msikiti, duka, mnazi, msikiti, duka, mnazi, mpaka ghafla unakwisha na kuna kisima. Kando ya kisima ameketi mtu mwenye uso. Una makunyanzi, una chunjua kidevuni, una jicho moja lenye mtoto wa jicho, na Bi Mwajabu anatamani kuubusu uso huo kwa vile tu upo. Kisha anamtambua na anatamani ardhi immeze. Ni Bi Sikudhani. Ndiye aliyekuwa mwosha kabla yake, ndiye aliyemfundisha kuvaa kitambaa mkononi, kuanza kuume, kusuka nywele za maiti mikia mitatu. Miaka ishirini na mitatu iliyopita Bi Sikudhani alitoka kumwosha mke wa mtu mmoja mkubwa, wakamwuliza kama ilivyo ada, umemwonaje? Akajibu, nimemwona amepigwa. Matanga yote yalinyamaza. Na yule mwanamke mmoja aliyepaza sauti ya kwanza kuufunika ukimya ule, aliyesema Amin kwa nguvu na kuanzisha dua, alikuwa mwanafunzi wake. Alikuwa Bi Mwajabu. Alifanya kwa aibu, alifanya kwa woga, alitaka tu watu waache kumtazama mwalimu wake namna ile. Baadaye hakuna aliyemdhuru Bi Sikudhani. Walisema uzee umemwingilia kichwani. Sahani za futari alizopeleka majumbani zilirudi na futari yake, na shukrani juu. Kila Ijumaa walimsomea dua ya shifaa, na jina lake likitajwa kwenye kipaza sauti. Walimwombea mtu mzima yule mpaka akanyamaza.

Bi Mwajabu anapiga magoti na kusema, bibi, nisamehe. Bi Sikudhani anamtazama kwa jicho moja. Uliniosha mwenyewe, anasema, siku yangu ilipofika. Uliniosha mbiombio kama unaosha masufuria. Wakakuuliza umemwonaje, ukasema nuru, na uso wangu hukuutazama hata mara moja. Bi Mwajabu anauliza, kwa nini wewe una uso, bibi, na wale hawana? Kwa sababu ukweli wangu nilishausema, anajibu mzee. Halafu anapoa kidogo, anapangusa mikono kwenye kanga kama alivyokuwa akifanya zamani baada ya kazi. Nilikufundisha vibaya, mwanangu. Nilikuambia ficha aibu ya maiti, nikasahau kukuambia kwamba zile alama si aibu ya maiti. Zile ni aibu ya mwenye vidole. Wewe umekuwa ukiwasitiri wauaji miaka yote hiyo na wao wamekuwa wakikushukuru. Bi Mwajabu analia sasa, analia kwa sauti, hajali. Nitasemaje, bibi? Kila nikifungua mdomo wanaitikia Amin. Bi Sikudhani anauliza, kwani huosha kwa mdomo? Hapana bibi, naosha kwa mikono. Haya, anasema mzee, na anaanza kuteka maji, na ndoo inashuka kisimani na haisikiki ikifika.

Nyuma yake jeneza linakuja. Linakuja kutoka pande zote mbili za mji, majeneza mawili yanayotazamana yenye kitambaa kimoja cha kijani, na mbele ya kila jeneza anatembea mama mmoja mwenye vumbi la safari miguuni. Wanawake wamemfikia Bi Mwajabu, wamemrudisha kitini, hajui saa ngapi, wamemfunga upya mafundo yote. Mama anasimama chini ya kiti. Dada yangu, anauliza, umemwonaje mwanangu? Mikono, anawaza Bi Mwajabu, mikono, na anaitafuta mikono yake, iko ndani ya shuka chini ya fundo lake mwenyewe la kuzungusha mara mbili, anavuta, anavuta, fundo halifunguki kwa sababu yeye ni fundi. Na wakati anavuta, mdomo unafanya kazi yake uliyoizoea. Uso wake, unasema. Anaung'ata ulimi. Ulikuwa na nuru, unasema. Mama anashukuru. Mama anainamisha kichwa na kusema Alhamdulillahi, kwa sauti ileile ya asubuhi, sauti ya Bi Mwajabu mwenyewe. Na hapo anahisi ubaridi ukianza kwenye paji la uso na kushuka, unapita kwenye nyusi na nyusi zinaondoka, unapita puani, pumzi inakata, na kitambaa chenye maji kinamfuta taratibu, kuanzia kuume, jinsi inavyotakiwa. Wa mwisho ni mdomo. Anataka kupiga ukelele, hakuna pa kutokea.

Dada. Dada Mwajabu, amka. Ni mkono begani. Ni Bi Saumu, ameinama, kanga yake imemfunika mdomo na pua kwa ajili ya huzuni. Mama mtu amefika, anasema, njoo umpe maneno yake, wanaume wanangoja nje, alasiri imeingia. Bi Mwajabu anapeleka mikono usoni. Anapapasa pua. Anapapasa midomo. Ipo, au anadhani ipo, vidole vimekufa ganzi kwa kafuri na havimwambii kitu cha uhakika. Anasimama. Sakafu inampokea mguu. Sebuleni wanawake wamejaa, wote wamejitanda mpaka machoni, nyuso hazionekani, na anajiambia ndivyo wanavyojitanda msibani siku zote, ndivyo siku zote, lakini moyo hautulii. Zawena amelazwa katikati, sanda imefungwa, uso tu umeachwa wazi, na shingo imezungushiwa pamba zaidi ya inavyohitajika, mpaka inachomoza juu ya sanda. Aliizungusha yeye. Na pembeni amekaa Bi Somoe, mwembamba, vumbi jekundu limemfika magotini, ndala moja imekatika ameishika mkononi na hajui kwamba ameishika. Analia bila sauti. Anamwona Bi Mwajabu na kumsogezea mkono. Dada yangu, anasema, wanasema wewe ndiye uliyemtengeneza mwanangu. Mungu akulipe. Hebu niambie, umemwonaje?

Bi Mwajabu anauona umati ukivuta pumzi, anaziona kanga zikisogea mdomoni, anajua kwamba neno lake lolote litapokelewa kabla halijatua. Anamwona Bi Saumu akimwangalia. Anaiona Maka, nyeupe, karibu sana, hajawahi kuwa karibu nayo kiasi hiki, na inamuuma, tusiseme uongo, inamuuma kuliko alivyotegemea. Anaogopa. Anaogopa sahani zitakazorudi na futari yake, anaogopa jina lake kwenye kipaza sauti siku ya Ijumaa, likiombewa. Anafungua mdomo na kusema tu, dada, na tayari pembeni mmoja ameanza, Amin. Basi anaufunga. Anakaa chini mbele ya Bi Somoe, anaichukua ile ndala mkononi mwake na kuiweka kando, anaushika ule mkono mtupu, mkono wa mama, wenye sugu za jembe. Anaifungua kanga yake mwenyewe shingoni. Anauweka mkono ule kwenye shingo yake, anavipanga vidole, taratibu, kimoja kimoja, alivyoona asubuhi, vinne huku, kimoja huku, kisha anaweka viganja vyake juu ya mkono huo na kuukandamiza. Wanawake wanaitikia Amin. Hakuna aliyeomba dua, lakini wanaitikia, maana hawana kingine cha kufanya. Bi Somoe haelewi. Anaangalia mkono wake kwenye shingo ya mtu asiyemjua. Kisha anaangalia ile pamba nyingi kwenye shingo ya mwanawe, kisha mkono wake tena, na kilio chake kinakatika.

Vinne? anauliza, chinichini. Bi Mwajabu anatikisa kichwa kukubali. Bi Saumu anasema, jamani uchungu, mama wa watu amechanganyikiwa, na Mama Sitara wetu kachoka leo, mwombeeni, na sauti yake kwa mara ya kwanza tangu asubuhi inatetemeka. Amin, wanasema, ila si wote. Yule jirani wa redio hakuitikia. Amejifunua uso, macho yamemtoka, na uso wake una kila kitu. Bi Somoe ameinuka. Amesimama kando ya mwanawe na vumbi lake lote, na hasemi kwa kelele. Fungueni, anasema. Mlango wa mbele umejaa wanaume waliokuja kuchukua jeneza. Hakuna anayesogea. Bi Mwajabu anatambaa mpaka kwenye sanda, anapeleka mikono kwenye fundo la kifuani, lile la kuzungusha mara mbili ambalo hakuna mwingine anayeweza kulifungua upesi, na vidole vyake vinaanza kazi. Ndipo anaposikia maji. Yako chini ya mkeka, yanatembea polepole, na yeye aliwaona vijana asubuhi kwa macho yake wakiufukia ule ufuo. Anaangalia mlangoni, na kati ya wanaume kuna mtu wa nguo nyeupe ameshika kata, jua liko nyuma yake, uso hauonekani. Haijulikani kama unao. Ikiwa hii ni ndoto, anawaza Bi Mwajabu, basi kuna mkeka mahali fulani ambapo bado nimelala, na mama wa watu bado yuko njiani, na nikiamka itabidi niyafanye haya yote tena, tangu mwanzo, na huu woga. Fundo linalegea. Analivuta.